Mguu wa mbwa wangu Popi uligoma kuunga wiki 14, hii kliniki ya wanyama ya Mbezi, Dar ndo imeuunganisha

Hii riviu niko nayo kichwani tangu Krismasi, ila nilisubiri kwanza picha ya mwisho ya eksirei, sikutaka nije kusifia hapa alafu baada ya wiki mbili mambo yanageuka. Picha tumepiga Jumamosi iliyopita kwahiyo sasa naandika, na mnivumilie nitaandika kwa urefu, maana mwaka jana nimekesha usiku mzima natafuta mtu yeyote aliyeandika kwa Kiswahili kuhusu mbwa ambaye mfupa wake haukuunga, nikaambulia matangazo ya watu wanaouza mbwa tu.

Popi ni jike, kambwa kadogo ka manyoya, miaka mitatu, kilo 3.2. Alivunjika mguu wa mbele wa kulia kwa kitu kidogo mno. Mwanangu alikuwa amempakata kwenye kochi, geti likagongwa, Popi akaruka kama anavyoruka siku zote, tukasikia mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mnyama, mguu ukawa unaning'inia juu kidogo ya kifundo. Urefu wa kochi tu, yaani hata gari halikumgusa. Nilijilaumu sana nikidhani labda tulimkanyaga bila kujua, mpaka nilipokuja kuambiwa hapa kliniki kwamba kwa hawa mbwa wadogo ndo kawaida yao, wanavunjika hapohapo, theluthi ya chini ya mguu wa mbele, kwa kuruka kutoka kitandani, kwenye kochi au mikononi mwa mtu.

Sehemu ya kwanza tuliyompeleka sitaitaja. Walimpapasa, wakasema umevunjika, wakamfunga hogo bila picha yoyote, wakasema wiki sita atakuwa anakimbia. Wiki ya sita wakafungua, mguu ukajikunja palepale, wakafunga tena. Wiki ya kumi nikaanza kusikia harufu, kufungua kumbe ngozi imechunika kwenye kiwiko, wakasafisha wakafunga tena. Wiki ya 14 nikauliza sasa hii ni mpaka lini, nikajibiwa mbwa huyu damu yake nzito, mpe maziwa na mifupa ya supu. Hapo picha ya eksirei bado haijapigwa hata moja. Na mimi nilikubali yote hayo wiki zote 14 kwa sababu mtu mwenye koti jeupe akisema subiri, unasubiri.

Mtaani nako kila mtu ana lake. Jirani mmoja, mzee wangu namheshimu sana, alisema binti yangu kakate tu huo mguu mbwa anaishi na mitatu. Mwingine akaniletea diklofenaki za kwake za mgongo nimpe nusu. Sikumpa, na nashukuru Mungu sikumpa, maana nimeelezwa vizuri baadaye kwamba dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki na ibuprofeni kwa mbwa zinachoma tumbo mpaka linatoa damu na zinaua figo, na mbwa wa kilo tatu kidonge kimoja tu kinatosha kumaliza kazi. Wenye paka ndo kabisa, Panadol kwa paka ni sumu, usijaribu hata robo.

Aliyenielekeza huku Mbezi ni dada mmoja tunasali naye, mbwa wake aligongwa na bodaboda akatengenezwa hapa. Nikapiga simu, wakanipa siku ya Alhamisi saa tatu asubuhi, tumefika saa tatu kasoro, tumeingia kwa daktari saa tano na dakika ishirini. Hilo nalisema mapema kwa sababu nitalirudia kule mwisho, lakini nikishasema hivyo niseme pia tulivyoingia hakutukimbiza, tulikaa naye karibu saa nzima.

Kitu cha kwanza alichofanya daktari alikaa chini kwenye sakafu na Popi. Hakumweka mezani. Akamwacha anuse viatu vyake, akaanza na mguu mzima, akaukunja akaunyoosha, Popi akazoea, ndo akaja kwenye mguu mbovu. Akashika juu ya mvunjiko kwa vidole viwili na chini kwa vidole viwili, akaniambia mama Popi weka kidole chako hapa katikati. Nikaweka. Nikausikia mguu unacheza, unapinda huku na huku kama kuna kiungo cha ziada ambacho Mungu hakukiweka. Na Popi ametulia tu ananiangalia. Nikasema daktari angalau hasikii maumivu, akatikisa kichwa, akasema hiyo siyo habari nzuri mama, mfupa uliovunjika juzi ukiuchezesha hivi anapiga kelele mpaka nje, huu umeshakata tamaa, vichwa vyake vimefunikwa na kovu laini, mwili umeanza kupazoea hapo kama kiungo.

Wakapiga picha. Na hapa ndo nilianza kuona tofauti, kwa sababu walipiga ya mbele na ya ubavuni, kiwiko na kifundo vyote vionekane, alafu wakapiga na ule mguu wa pili usiovunjika pia, nikadhani wanataka kuniongezea bili, kumbe ule mguu mzima ndo kipimo, kutoka kwenye huo wanajua urefu halali wa mfupa na pleti, yaani kile chuma cha kuushikilia mfupa, iwe ya saizi gani. Alivyoziweka kwenye kompyuta hakuhitaji kunieleza sana. Mifupa miwili ya mguu wa mbele yote imekatika, na vile vichwa vilivyotakiwa kukutana vimechongoka kama penseli mbili zilizochongwa zinaelekeana, katikati pengo jeusi. Hakuna ule uvimbe mgumu wa mfupa mpya unaozunguka sehemu iliyovunjika. Hakuna kitu kabisa. Akaonyesha na ule mfereji wa katikati ya mfupa, umezibwa juu na chini kama chupa iliyofungwa kizibo.

Maelezo yake nitayaweka hapa kama nilivyoyaelewa maana ndo kitu kilichonifanya nimwamini. Mfupa ukivunjika damu inavuja inaganda pale kati, lile donge la damu siyo uchafu, ndo mwanzo wa kupona. Mwili unaleta mishipa midogo ya damu na nyama changa, alafu gegedu, alafu gegedu linageuka mfupa mbichi, alafu miezi kwa miezi mwili unauchonga unarudi kwenye umbo lake. Lakini kila hatua ina kiasi chake cha kuvumilia mtikisiko. Nyama changa unaweza kuivuta hata mara mbili ya urefu wake isife, gegedu linavumilia kama asilimia 10, mfupa wenyewe asilimia 2 tu. Akachukua rula akanionyesha milimita moja, akasema fikiria pengo ni hili, likicheza zaidi ya sehemu mbili kwenye mia ya hii milimita basi mfupa hauoti hapo, linaota kovu. Sasa mguu wa Popi ndani ya hogo ulikuwa unacheza kila anapogeuka kulala, kwa sababu hogo linashika ngozi na manyoya, na uvimbe ukishuka linalegea, mfupa ndani unakuwa huru. Wiki 14 mwili wake ulikuwa unajaribu kujenga daraja na kila siku linatikiswa.

Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni damu. Mbwa wadogo kama yeye sehemu hiyo ya chini ya mguu ina mishipa michache ya damu ndani ya mfupa kuliko mbwa wakubwa, na hakuna nyama ya maana kuizunguka, ukishika ni ngozi na mfupa na kano. Penye nyama nyingi kama paja mwili unaazima damu kwenye nyama. Pale hakuna pa kuazima. Kwahiyo mvunjiko uleule kwa mbwa wa ulinzi mwenye kilo 35 unaweza ukafungwa hogo ukaunga, na kwa Popi ukagoma, na ndo maana kwa mbwa wa saizi hii hogo peke yake linajulikana kuharibu, akasema hilo siyo jambo jipya kwenye fani yao.

Nilivyosikia hivyo nililia palepale, maana wiki zote zile nilikuwa naambiwa mbwa wangu ndo ana kasoro.

Akaniambia kuna mifupa isiyounga ya aina mbili kubwa. Kuna ile iliyo hai, kwenye picha unaona uvimbe mkubwa wa mfupa umejaa pande zote mbili kama wayo wa tembo ila katikati hapajafunga, hiyo damu ipo, tatizo ni kutikisika tu, ukiikaza vizuri kwa pleti inaunga yenyewe mara nyingi hata bila kugusa katikati. Na kuna iliyokufa kama ya Popi. Hiyo ukiikaza tu haitoshi, utaweka chuma kizuri, mfupa hautaota, na chuma chochote kinachobeba mzigo peke yake bila mfupa kukisaidia siku moja kinakatika. Lazima uamshe mfupa upya, yaani uurudishe kwenye hali ya kama umevunjika leo.

Nikamuuliza kuhusu vile vyuma vya nje nilivyoona mtandaoni, pete zinazunguka mguu na nyaya zimepita katikati. Akasema hiyo ni kazi ya Ilizarov, daktari wa kule Kurgan, Siberia, alianza kuwatibu watu hivyo miaka ya 1950, na kwa wanyama inatumika pia vizuri tu, hasa kukiwa na usaha ndani ambapo hutaki kuacha chuma kwenye mfupa, lakini kwa mguu mwembamba kama huu anahitaji pete ndogo sana ambazo wao hawana. Nikauliza kama kuna dawa ya kuchoma mfupa uote. Akasema ipo protini, mambo yake yalianza na daktari wa Marekani anaitwa Marshall Urist mwaka 1965, aligundua kwamba ndani ya mfupa wenyewe kuna kitu kinachoamrisha mfupa kuota, na leo wenzetu wanaitengeneza na kuiweka kwenye oparesheni za namna hii. Ila bei yake haishikiki, na Popi anayo ya kwake bure mabegani, nitafika huko. Nilipenda kwamba alinijibu kila kitu na hakuniona nasumbua, na alipokuwa hana kitu alisema hana.

Bei sasa maana najua wengi mnasubiri hapa. Kumuona daktari elfu 30. Picha zote za siku ile laki moja na nusu. Vipimo vya damu kabla ya usingizi elfu 60. Oparesheni yenyewe na pleti, skrubu, dawa ya usingizi na kulala siku mbili, milioni moja na laki mbili. Ni hela nyingi, sisi siyo matajiri, mume wangu alinyamaza siku nzima nilivyomwambia. Wakakubali tulipe nusu kwanza na iliyobaki kwa miezi mitatu, tuliandikiana karatasi, kila mwezi natuma kwa lipa namba napewa risiti. Ila ukijumlisha nilichoacha sehemu ya kwanza kwa wiki 14, hogo, kufungua, kufunga, kusafisha kidonda, sindano, ilikuwa imeshafika laki saba na mfupa uko vilevile.

Kabla ya kukubali aliniuliza Popi anakula nini. Nikasema kwa kujiamini kabisa, nyama ya kusaga na wali, kila siku, anakula vizuri kuliko sisi. Akasema ndo shida ya mbwa wanaopendwa, nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, mbwa akila hivyo muda mrefu mwili unaenda kuchukua kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Hakusema ndo sababu ya kuvunjika, alisema hataki kwenda vitani na mifupa isiyoshiba. Tukahamia chakula kamili cha mbwa kidogokidogo kwa wiki nzima, na akanikataza kumwongezea vidonge vya kalsiamu juu yake, chakula kikishakuwa kamili kuzidisha nako ni tatizo.

Siku ya oparesheni tulimpeleka bila kula tangu usiku. Niliruhusiwa kukaa naye mpaka sindano ya kwanza imemlegeza, kijana msaidizi akawa anamnyoa mguu na mabega huku anaongea naye, Popi mzuri, Popi lala mama. Hilo sitalisahau. Walimchoma antibayotiki kabla ya kuchana ngozi. Ilichukua saa tatu kasoro, na alipotoka daktari alikuja na picha kwenye simu yake akauliza mama unaweza kuangalia, nikasema naangalia.

Alikata lile kovu lote la katikati, kipande chake kidogo akakituma maabara kuotesha vijidudu kuona kama kuna maambukizi yamejificha, majibu yalirudi baada ya siku chache safi. Vile vichwa vilivyochongoka akavipunguza mpaka akafika kwenye mfupa unaotoa damu. Alinionyesha picha moja ya ncha ya mfupa, nyeupe kama chaki, na nyingine dakika chache baadaye ina vitone vyekundu vinachomoza, akasema hivi vitone ndo nilikuwa navitafuta, bila hivi nisingefunga. Mfereji ulioziba akautoboa kwa dreli ndogo juu na chini. Mguu umepungua kama milimita nne hivi, mbwa anazifidia mwenyewe kwa kunyoosha kiwiko, na kweli ukimwangalia sasa huwezi kujua.

Pleti ni ya saizi ndogo, skrubu zake milimita 1.5, zinajifunga kwenye pleti yenyewe kwa hesi, kwahiyo pleti haikandamizwi kwenye mfupa na haiminyi ile damu kidogo iliyopo juu yake. Skrubu saba. Nikauliza mbona hamkuweka pini katikati ya mfupa, fundi mmoja alisema pini rahisi. Akasema kwa mfupa huu pini ni marufuku kwake, mfereji wenyewe mwembamba, pini haizuii mguu kuzunguka na unapoiingiza unaharibu kiungo cha kifundo.

Alafu ule mfupa wa kupandikiza. Huu ndo ulinishangaza kuliko vyote. Wanatoboa tundu dogo begani, juu kabisa ya mfupa wa mkono, wanachota kwa kijiko kidogo ule mfupa laini wa ndani wenye vitundu kama sponji. Kwenye picha ulikuwa kwenye shashi iliyolowa damu, mwekundu, chengachenga, ungesema machicha ya nazi yaliyomwagikiwa rosela. Ile ina chembe hai za mbwa mwenyewe, mwili haukatai, na ndani yake ndo kuna hizo protini. Kwa mbwa wa kilo tatu bega moja halina kingi, ikabidi achote mabega yote mawili. Anaweka mwisho kabisa, akishaweka hasafishi tena kwa maji, anafunga nyama juu yake haraka kabla hizo chembe hazijakauka. Popi alirudi nyumbani na viraka viwili vilivyonyolewa mabegani kama nyota za askari.

Kumuuguza ndo kazi na hapa niwasifu tena, walinipa karatasi ya Kiswahili. Bandeji laini siku tano tu za kuzuia uvimbe, kila asubuhi na jioni naangalia vidole vya katikati vimesogeleana au vimeachana, vikiachana ni uvimbe nipige simu. Dawa ya maumivu ya mbwa, meloksikamu ya matone, kwa uzito wake na kwa siku chache walizoandika, akasema siyo ya kunywesha miezi maana dawa za kundi hilo zikitumika muda mrefu zinaweza kuchelewesha mfupa. Kola ya plastiki shingoni. Na kufungiwa. Sikuwa na tundu la mbwa, nikatoa kitanda cha fito cha mwanangu alipokuwa mchanga, nikatandika godoro dogo, Popi akaishi humo wiki nane, anatoka kwa kamba tu dakika tano kwenda haja na kurudi. Wiki ya tatu alianza kujisikia mzima akawa analia usiku anataka kuja kitandani kwetu, na mimi nalala sakafuni pembeni yake nimeingiza mkono kwenye fito ashike. Wiki ya tatu ndo ya hatari, maumivu yameisha lakini mfupa bado haujashika, chuma kinabeba kila kitu.

Mguu wenyewe walitaka autumie, siyo kuruka, kuukanyagia. Walinifundisha kukunja na kunyoosha kifundo polepole mara kumi, asubuhi mchana jioni, kwa sababu wiki 14 za hogo zilikuwa zimekausha kano na nyama, mguu ulikuwa umebaki kama kijiti. Mguu ukikaa bila kubeba mzigo mfupa nao unajipunguza. Wiki ya 13 tuliruhusiwa kwenda pwani jioni maji yakiwa yamekupwa, anatembea kwenye maji ya kumfika magotini na kamba, taratibu, dakika kumi. Siku ya kwanza alisimama akatazama maji, akainua ule mguu wa kulia kwa mazoea, wimbi dogo likaja akautua. Akaukanyagia. Mwanangu alipiga kelele mpaka wavuvi wakageuka.

Picha tulipiga wiki ya 4, ya 8, ya 12 na hii ya 20. Ya nne niliogopa, niliona kama hakuna kitu, kumbe kuna kivuli kama moshi kuzunguka pengo, daktari akasema huu moshi ndo wenyewe. Ya nane moshi umekuwa mzito. Ya 12 alinifundisha kuhesabu kuta, picha mbili zina kuta nne za mfupa, mbele, nyuma, kulia, kushoto, tatu zilikuwa zimeshavuka upande wa pili. Hii ya Jumamosi, kuta zote nne zimevuka. Akamkalisha Popi sakafuni kama siku ile ya kwanza, akashika juu kwa vidole viwili na chini kwa vidole viwili, akaniambia mama Popi weka kidole.

Kuna jambo bado linafuatiliwa na sitalificha. Mfupa ulioko chini ya pleti unaonekana umekonda kidogo, kwa sababu pleti inabeba mzigo kwa niaba yake na mfupa usiobebeshwa mzigo unalegea. Mpango ni kupiga picha tena baada ya miezi mitatu, ukiendelea kukonda watatoa skrubu mbili tatu kwanza, siyo pleti nzima kwa mpigo, ili mfupa uzoee kubeba kidogokidogo. Hilo alinieleza kabla hata ya oparesheni kwahiyo halikunishtua.

Sasa lawama zangu. Miadi yao haina maana, nimeenda mara saba na mara tano nimesubiri zaidi ya saa moja, na pale pa kusubiri ni chumba kimoja, paka ndani ya kikapu anamwangalia mbwa mkubwa uso kwa uso, mgonjwa wangu ana skrubu saba mguuni anatetemeka. Watenge hata kwa pazia. Pili, picha za kufuatilia hazimo kwenye ile milioni na laki mbili, kila moja elfu 70, nililijua hilo wiki ya nne nikiwa dirishani na hela pungufu, niliambiwa leta kesho na walimpiga picha hivyohivyo, nashukuru, lakini semeni mwanzoni. Tatu, usiku simu haipokelewi. Siku ya nne bandeji ililowa maji saa mbili usiku nikapiga mara sita kimya, ikabidi niikate mwenyewe kwa mkasi nikafunga kitambaa safi mpaka asubuhi. Daktari alisema nilifanya sawa, ila mwingine angeacha bandeji mbichi mguuni usiku mzima. Na siku ya picha ya wiki ya nane umeme ulikatika, jenereta likagoma, tukarudi kesho yake, hilo siwalaumu sana.

Nawapa nyota nne na nusu, hiyo nusu niliyokata ni ya simu ya usiku.

Kwa mwenye mbwa aliyefungwa hogo saa hizi na wiki zinasonga, omba picha, za pande mbili, na uombe nyingine baada ya wiki nne uzilinganishe. Kama kuna moshi wa mfupa mpya unaongezeka, subiri, mbwa mzima kwenye mwaka na kuendelea anaweza kuhitaji miezi mitatu au zaidi, mtoto wa chini ya miezi mitatu wiki nne hivi zinaweza kumtosha. Kama picha mbili zinafanana na mguu unacheza usisubiri ya tatu. Mkiwa mbali na Dar, daktari huyu amesomea SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na alisema kule Morogoro chuoni kuna hospitali ya wanyama, mnaweza kuanzia kuuliza hapo. Msije na mbwa amekula, mkifika mwambieni dada wa mapokezi mmetokea mbali, huwa anawasogeza mbele. Njooni na picha zenu za zamani zote hata zile mbaya, daktari anazitaka. Na Jumapili wamefunga.

Popi saa hizi amelala kwenye kochi. Tumeweka mto mkubwa chini, na anashukia hapo.